King'ora ndani ya Klarineti

Mukalay alikuwa fundi umeme wa mgodi na mpiga klarineti wa bendi ya kampuni. Mishahara ilipokatika, bendi ikasambaratika; akabaki mtaani kwake Dilala akifunga kipaza sauti kidogo kwenye klarineti yake na kupitisha utepe mmoja katika rekoda mbili, kila sauti irudi imevunjika, ijibizane na nyingine.

Mwaka ule wa 1993, wenye asili ya jimbo la Kasai walikuwa wakifukuzwa mitaani na kurundikwa kwenye stesheni ya treni, warudishwe kwao. Mkewe, Ndaya, alikuwa mmoja wao. Hadi hapo, jina la mume, mwenyeji wa hapa, lilimsitiri. Lakini jirani yao Kyungu, ambaye zamani salamu yake ilikuwa kikohozi tu, sasa alimjulia Ndaya hali asubuhi na jioni. Mukalay hakuipenda heshima hiyo.

Asubuhi moja alitia katika muziki wake king'ora cha mgodi, alichokinasa enzi za neema. Klarineti ikatambaa chini yake ikilia. Kumbe Dilala nzima ilisikia. Wanaume wakakurupuka, wakakimbilia kazini wakidhani mgodi umefunguliwa tena. Walikuta lango limefungwa kama jana. Wakarudi hadi uwanjani kwa Mukalay.

"Tata Mukalay, mi nimevaa kaske ya mgodi kichwani na suruali ya kulalia!" mmoja alifoka. "Unatuchezea?"

"Hapana," Kyungu akasema taratibu. "Alikuwa anaita bantu. Bandugu ya bibi yake Ndaya beko ku gare, kule stesheni."

"Ni muziki tu, batata," Mukalay akawasihi.

"Muziki gani ya kulia sawa mbuzi? Tusikilishe," Kyungu akasema.

Ili kujiokoa, Mukalay akarudisha utepe. King'ora, klarineti; kisha, kwa mbali, sauti ya Ndaya iliyonaswa kutoka jikoni, katika Kiluba cha Kasai ambacho hakuna mwingine pale aliyekielewa. Mashine ikairudia mara tatu, kila mara imekatika mahali pengine.

Kyungu akamgeukia Ndaya aliyesimama mlangoni.

"Mama, ulikuwa unasema nini?" akauliza.

"Nilisema maharagwe yanaungua."

Walicheka, ila si kwa furaha. "Kesho asubuhi, ku gare," Kyungu akamwamuru Ndaya, wakaondoka.

Mukalay akafunga mlango. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na lugha ya mkewe hakuwahi kujifunza. Akainama juu ya rekoda, akasikiliza tena, sikio karibu na spika.

"Ndaya," akasema bila kugeuka, "ni maharagwe kweli?"

Ndaya alitandaza kitenge sakafuni, akaanza kupanga nguo zake. Za mumewe akaziacha kwenye kamba.