Kelele Iliyorudi Baada ya Matanga

Wiki moja baada ya matanga ya mke wangu, buti la gari letu lilianza tena kugonga. Nasema tena kwa sababu kelele hiyo tuliijua. Ko-ko-ko, kavu, kila tairi linapoingia shimoni, na kati ya nyumba yetu ya Katuba na mjini mashimo hayahesabiki.

Mwaka mzima wa ugonjwa wake nilimpeleka hospitali na kelele hiyo ikitufuata. Ilimwingia kichwani. Alikuwa akiegemea dirisha, ameshika paji la uso, akiilalamikia malle, ndivyo tunavyoliita buti hapa kwetu.

"Papa, hii malle itanimaliza. Utaitengeneza siku gani?"

"Kesho, mama. Kesho asubui."

Mimi ni fundi wa cherehani. Washonaji wa mtaa wananiletea mashine zao, na ninajivunia masikio yangu: gurudumu likizungushwa mara mbili tu, namwambia mwenyewe skrubu gani imelegea kabla sijafungua kitu. Kwa hiyo sikuwa mtu asiyejua. Nilikuwa mtu wa kesho. Kila siku kulikuwa na mashine ya mtu mezani na mwenyewe amesimama mlangoni ananiharakisha, na mke wangu hakuwa mtu wa kusimama mlangoni.

Kisha siku moja kelele ikakoma. Tulipita shimo kubwa la karibu na soko, kimya. Nikacheka, nikapiga usukani kwa kiganja.

"Unaona? Imenyamaza yenyewe. Makelele ingine ni ya kuacha tu."

Aliniangalia kidogo, akatabasamu, akafumba macho. Nilidhani amechoka.

Alifariki mwanzoni mwa kiangazi. Matanga yalipokwisha, wanawake wa upande wake walikuja kuchukua nguo zake, kama ilivyo kwetu. Hakuna kitambaa cha marehemu kinachobaki kwa mume: si kitenge, si blauzi, si kilemba kilichosahaulika kwenye kamba. Wanasema akiacha hata uzi mmoja nyumbani atarudi kuutafuta, na mume hatatulia. Dada yake mkubwa ndiye aliyesimamia kazi. Alipita chumba kwa chumba, akafungua hata kabati la vyombo. Mimi nilikaa uani nimeupa mgongo mlango pamoja na gari, kwa sababu sikuweza kutazama. Walifunga mizigo mitatu, wakapika bukari, ugali wetu, wakala, wakaenda.

Wiki iliyofuata, ko-ko-ko.

Nilishikwa na hasira ambayo sijui ilitoka wapi. Nilisimamisha gari kando ya barabara nikalipiga buti teke, mtu mzima na mvi zangu, watu wakinitazama. Baadaye nikajipa kazi, maana kazi ilikuwa afadhali kuliko kukaa chumbani na kabati tupu. Nilitoa kila kitu: tairi la akiba, sanduku la spana, jembe tulilokwenda nalo shambani Kasungami, na punje za mahindi ya mwaka jana zilizojificha chini ya zulia. Nikazunguka mtaa na buti tupu. Kelele ipo. Nikakaza bawaba za mlango. Ipo. Nikaweka kipande cha mpira wa baiskeli kwenye kitasa, kwa kuwa mlango uliolegea nao hugonga. Ipo, tena sasa ilivuma zaidi kwa sababu buti lilikuwa tupu kama ngoma.

Ndipo nikamwomba binti yangu aendeshe, nami nilale ndani ya buti. Ni mwalimu, ana watoto wake, na anaendesha vizuri kuliko mimi. Aliniangalia kama nimepungukiwa na akili.

"Papa, bantu batasema nini? Batawaza nilikuiba."

"Baache baseme. Endesha tu, pole pole."

Tulicheka wote wawili, mara ya kwanza tangu mazishi, na kisha tukaona aibu kwamba tumecheka. Nililala ubavu, magoti kifuani, mkono mmoja ukiuzuia mlango usijifunge kabisa. Tulipofika kwenye mashimo nikaanza kushika kitu kimoja kimoja. Nikabonyeza sakafu, kelele. Nikasukuma ukuta wa kulia, kelele. Nikapeleka mkono kushoto, nyuma ya kipande cha zulia ambacho sikukumbuka kama kinafunguka, nikakuta chuma baridi. Nilipokishika, kimya. Nilipokiachia, ko-ko-ko.

Ilikuwa jeki ya gari, kriki kama tunavyoiita. Ilisimama mahali pake chuma kwa chuma, inacheza. Kwenye skrubu yake kulikuwa na uzi umenasa, uzi wa buluu na njano. Niliufahamu mara moja. Ulitoka kwenye kitenge chepesi, kikwembe kwa lugha ya kwetu, alichokuwa akijifunga mke wangu siku za hospitali.

Siku hiyohiyo nilikwenda mtaa wa Hewa Bora kwa dada yake mkubwa. Alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilifungua kiganja, nikamwonyesha uzi, nikamwambia nimeutoa kwenye jeki. Akaacha mchi.

"Mulamu, ni miye nilikitosha," alisema shemeji yangu, akionyesha kwa mkono jinsi alivyokifungua akakitoa. "Mudogo wangu aliniambiaka kama alifungaka kikwembe kwa kriki. Desturi ni desturi. Ningekiacha, angekusumbua."

"Alikifunga siku gani?"

"Ile siku mulirudia ku lopitalo, weye ukalala. Alikata kikwembe yake na makasi, akaenda ku malle anashikilia gari na mukono. Aliniambia alipumuzika mara mbili mbele ya kufika."

Niliona uwanja wetu, hatua kumi tu kutoka mlangoni hadi kwenye gari, na yeye akipumzika mara mbili. Nikakumbuka pia nilivyopiga usukani nikacheka.

"Mbona hakuniambia?"

Alitazama kinu. "Alisema: musimuambie. Anafanyaka kazi mingi. Atasikia haya."

Nilimwomba anirudishie kile kitambaa. Alitikisa kichwa kwa upole, akasema hakirudishwi, na sikubishana naye. Alikuwa amefanya haki. Mimi ndiye niliyekuwa na deni, na wa kulipwa alikuwa ameondoka.

Nikaenda kwenye gari palepale uani kwake, nikafungua buti, nikavua shati langu. Nililizungusha kwenye jeki mara mbili, nikafunga mikono ya shati kwa fundo, nikaisukuma mahali pake kwa nguvu mpaka ikakaa. Nikaitikisa. Haikucheza. Shemeji yangu alisimama na mchi mkononi, machozi yanamtoka. Kazi yote haikuchukua hata muda wa kunywa glasi ya maji.

Nilirudi Katuba na singlendi, jua bado liko juu. Karibu na soko sikulikwepa lile shimo. Nililiingia kwa makusudi, gari zima likaruka, na nyuma hakukusikika kitu. Nikageukia kiti cha kando.

"Mama," nikasema, "nimeitengeneza."