Tulivyozikalia picha za Baba huku tukizitafuta

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mwenye chai mkononi aweke kikombe chini kwanza, sitaki mtu apaliwe. Haya yalitokea nyumbani kwetu Isingiro, mkoani Kagera, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Anayebisha aje nimpeleke akamuulize Mama.

Naandika huku nacheka peke yangu. Mume wangu kapita, kanitazama, kaenda zake.

Twende.

Baba yangu alikuwa saidia fundi. Ukoo wetu asili yake Rwanda, watu wa jembe na vibarua. Mimi nikiwa bado mchanga, yeye na wenzake wachache, akiwemo fundi cherehani mmoja wa Kibingo, walianzisha kikundi cha uchoraji. Wakajiita Wanakinyume.

Jamani, wale watu! Tamko lao la kwanza: marufuku kuchora twiga. La pili: marufuku kuchora jua likizama. Hawakutaka kabisa picha za kuuzia wageni. Na kwa kuwa karatasi enzi zile huioni, walichora kwenye mifuko ya sementi, fundi cherehani anaichana na kuiunganisha.

Rangi yao? Utomvu wa mgomba.

Wa Kagera mshaanza kucheka, nawajua. Kwa wengine: ule utomvu ukiupaka ni kama maji, huoni kitu. Ukikauka unageuka kahawia na hautoki hata ufue na nini. Basi Wanakinyume wanaita watu gulioni, wanawaonyesha mfuko mtupu, wanasema, "Rudini kesho mwone picha."

Nani arudi? Watu wakasema hawa wamerukwa na akili. Na Mama yangu alikuwa upande wa watu.

Kikundi kikafa. Wengine walirudi Rwanda, wengine wakafariki. Baba akabaki na furushi lote, akaliweka darini juu ya jiko ili moshi ufukuze mchwa. Mchwa kweli hawakugusa. Ila moshi ukaipaka mifuko yote rangi moja, michoro ikamezwa humo humo.

Waliomcheka hawakumsumbua. Kilichomuuma ni kimoja. Tukiwa shambani aliniambia, "Mama yako hajawahi kutazama hata moja. Nikifa ataziwashia moto, na hatakuwa na kosa. Kwake ni mifuko tu."

Wakati huo nilikuwa napiga chapa mjini Omurushaka, dukani kwa Bwana Salim, ambaye baba yake alitokea pwani. Bwana Salim akanunua kompyuta na skana, vinaendeshwa na jenereta. Wiki ya kwanza hatukufanya kazi ya maana. Tuliskani mkono wake, leso yangu, mpaka kitumbua. Kioo tulikifuta mafuta siku nzima!

Nikamsimulia habari za mifuko. Akaruka kitini. "Binti, mashine hii inaweza kupunguza ule weusi, mistari ikajitokeza. Twende nikaione kabla haijawa majivu!"

Tukaenda Jumapili. Mama kusikia mgeni wa mjini anakuja, si mnajua kwetu? Sakafu ikatandikwa nyasi mbichi. Bwana Salim akavua viatu, akaketi, akaletewa kahawa ya kutafuna, akasifia mpaka Mama akaona aibu. Baba naye akaketi kidogo kwa heshima, kisha akapanda darini.

Tukamsikia anapekua huko juu.

Akashuka mikono mitupu. "Furushi halipo."

Wakuu, tulitafuta! Uvunguni, stoo, nyuma ya mitungi. Bwana Salim kakunja kanzu, anapekua kwenye mikungu ya ndizi. Baba kapanda darini tena, mimi nafunua mpaka vyungu.

Mama akatoka jikoni. "Mnatafuta nini?"

"Mifuko yangu!"

"Ile ya sementi? Si mlikuwa mmeikalia."

Mvua ilikuwa imenyesha, sakafu ya udongo ina unyevu. Mama akaona mgeni asilowe, akatandika mifuko chini, nyasi juu yake. Bwana Salim akarukia mlangoni kama aliyekanyaga siafu. "Astaghfirullah! Nimekalia historia!"

Nikajua leo nyumba inavunjika. Baba akaufunua mfuko wa kwanza, nyasi zimegandia. Akautazama sana. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Wenzangu wangekuwepo wangepiga makofi! Hizo nyasi zilizoganda msizitoe. Skanini hivyo hivyo."

Kazi ikaanza dukani. Mfuko ni mkubwa kuliko kioo na Baba hataki kusikia habari ya mkasi, basi tunaskani kipande kipande, jenereta inanguruma, kompyuta inaganda, Bwana Salim anakandamiza kifuniko kwa kiwiko huku anasoma dua. Mistari ya kwanza ilipojitokeza tulipiga kelele mpaka muuza nyama jirani akaja mbio na kisu chake mkononi, akidhani tumevamiwa.

Siku ya gulio tukageuza skrini ielekee barabarani. Kutazama bure, anayetaka nakala aje na diski yake. Watu walijaa! Wazee wale wale wa "wamerukwa na akili" wanasukumana. "Kumbe mle mfukoni kulikuwa na kitu!"

Baba akamleta Mama, akamkalisha mbele kabisa.

Ikaja picha ya mikono miwili inamenya ndizi. Kidole gumba kimoja kimepinda. Mama akatazama skrini, akatazama kidole gumba chake, akarudi kwenye skrini.

"Hii ulichora lini?"

"Huyu ukiwa umembeba mgongoni," Baba akasema, akinionyesha mimi.

"Na mimi nikaitandika chini."

"Ulimtandikia mgeni. Si vibaya."

Mama akavuta ncha ya kanga, akaanza kufuta skrini. "Waitu, jamani, kioo hiki kina vumbi, sioni vizuri." Akafuta, akafuta tena. Kioo nilikuwa nimekisafisha mwenyewe asubuhi ile.

Nilichojifunza, wakuu: mzee akiwa hai, mketishe na vitu vyake na wale anaotaka wavione. Vikihifadhiwa tu, moshi unavila kimya kimya.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine humu nyumbani kwao wamewahi kukalia urithi wao wenyewe? Na mnaokuja kunibishia kuhusu twiga, karibuni pia, nina nguvu leo.