Simu Inayolala Saa ya Dawa

Saa nane kasoro dakika tisa mchana. Douce Zihindula ameketi kwenye kigoda, viganja amevibana katikati ya magoti ili visije vikamponyoka. Mbele yake, juu ya rafu ya udongo, simu nyeusi imelazwa juu ya kitambaa. Haina waya wa chaji. Tangu saa tatu asubuhi hakuna aliyeigusa.

Ikifika saa nane simu hiyo inapaswa kulia, ili mtoto Gloriose, mwenye miaka tisa, apewe kidonge chake cha kifafa. Leo fundi mwenyewe, Douce, yupo, kidonge hakitapotea. Lakini kesho hatakuwepo. Isipolia, Douce ameapa atazunguka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, nyumba thelathini na moja, aifute programu yake ya kukumbusha dawa kwenye kila simu alikoiweka.

"We, usikanyage kwa nguvu!" bibi yake Gloriose anamkemea mtu aliyesimama mlangoni. "Hiyo kitu ikisikia miguu inaamuka."

Ni Nsabimana, anayebeba abiria kwa baiskeli ya kabaza. Amemfuata fundi wake mpaka huku.

"Munachunga telefone ama munachunga maiti?" anauliza. "Hata maiti banaigeuzaka!"

"Kaka Nsabimana, rudia saa tisa," Douce anamjibu bila kugeuza shingo. "Leo mi siko fundi. Niko mlinzi."

"Mlinzi mwenye kulala, huyo nilishaona. Kuchunga kitu ili kilale, hiyo njo mpya."

Anaondoka akicheka. Ndani hakuna anayecheka.

Douce ana miaka ishirini na saba. Alitoka Bukavu, Kongo, mwaka 2009 pamoja na mama yake, shule ya sekondari akiwa ameiacha katikati. Dzaleka ndiko alikojifunza kutengeneza simu, kisha akajifunza kuandika programu kwenye kompyuta iliyotumika, aliyoinunua Lilongwe. Kibanda chake kipo karibu na soko, na juu ya bati ameweka sola. Mwezi mzuri anapata kwacha elfu thelathini. Mvua zikianza, nusu yake.

Mwaka 2015 aliandika programu ya kukumbusha watu dawa. Wa kwanza kuitumia alikuwa Annuarite, mshonaji kutoka Fizi, ambaye watu humwita Mama Gloriose. Yeye hushinda sokoni kwenye cherehani. Nyumbani anabaki bibi, asiyejua kusoma saa. Kwa hiyo wakapatana hivi: simu inaachwa nyumbani, ikilia tu, bibi anampa mtoto kidonge.

Miaka miwili mambo yalikwenda. Januari mwaka huu wa 2017 simu ile kuukuu ikafa, na Annuarite akapata nyingine ya kisasa kule soko la Nsungwi, iliyotumika kidogo, inang'aa. Douce akaiwekea programu ile ile. Hapo ndipo shetani alipopata mlango.

Februari Annuarite alirudi kibandani na kidonge kikiwa bado kwenye karatasi yake.

"Fundi, haikulia."

Douce aliichomeka simu kwenye waya, akapanga dakika tano mbele, wakangoja. Ikalia vizuri sana. Wiki iliyofuata, vilevile. Mara ya tatu akamwambia, "Mama, masikio ya wazee yanachokaka. Pengine bibi hakusikia." Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

"Nilionekana mwongo mbele ya bantu," alisema Annuarite asubuhi, kabla ya kwenda sokoni. "Nikarudi nyumbani nikamugombeza mama yangu. Mwanamuke mzima wa miaka sabini, nikamuuliza, we unalalaka muchana? Akalia. Na kumbe mwenye kulala hakuwa yeye."

Katikati ya Machi vidonge vya mchana vilipita bila kumezwa siku mbili mfululizo. Siku ya pili Gloriose alianguka juu ya mbabula, jiko la mkaa, makaa yakiwa mekundu. Mkono wa kushoto uliungua mpaka kifundoni. Alikaa hospitalini wiki tatu. Vidole viwili havinyooki hadi leo.

"Nilipoona ule mkono nilifunga kibanda," Douce anasema. Anaongea polepole, macho yako kwenye rafu. "Nikamwambia, Mama Gloriose, niache nikae kwako siku nzima, nione hiyo simu inaishije."

Akakaa. Aliona bibi akiilaza simu kwenye rafu asubuhi, mbali na vumbi na mikono ya watoto. Saa nane ikafika. Kimya. Saa nane na dakika ishirini, kimya. Douce akainyanyua, akabonyeza kitufe cha kuwasha kioo.

Papo hapo ikalia.

"Ililia mkononi mwangu," anasema. "Kama mtoto mwenye kusahau kazi. Akiona mama yake anafika, njo anakamata fagio."

Alikaa chini. Siku zote alizoijaribu, simu ilikuwa kwenye waya. Nani Dzaleka anakaa karibu na umeme bila kuchomeka simu? Umeme hapa unafuatwa kama maji. Mtu akiufikia, kabla hata ya salamu ameshatoa waya mfukoni. Hata simu yake mwenyewe, ikitoka kwenye waya inaingia mfukoni na kutikisika naye kutwa. Yeye, fundi wa simu, hakuwa amewahi kuona simu iliyolala usingizi wa kweli.

Alikwenda Lilongwe, mtaa wa Area 47, kwa Alexis, mtu wa Bukavu waliyekuwa wakisali naye kanisa moja, anayeuza vipuri vya simu na ana intaneti. Walisoma siku mbili. Wakakuta kwamba simu za siku hizi, zikiachwa zimetulia, kioo kimezimwa na waya haupo, baada ya muda huingia kwenye usingizi mzito ili kutunza chaji. Kila programu inayohesabu saa chinichini inanyamazishwa. Itaendelea mtu akiigusa simu, au simu yenyewe ikishtuka kidogo, inapotaka.

"Programu yako inahesabu kwa vidole," Alexis alimwambia. "Simu ikilala, inalala na vidole."

Douce akaandika upya. Safari hii programu haikuhesabu yenyewe. Iliiomba simu iiamshe. Wakailaza tena kwenye rafu. Ikalia saa nane na dakika thelathini na saba.

"Ni dakika tu," alisema jirani mmoja.

"Sema hivyo mbele ya mbabula," Annuarite alimjibu.

Ndipo Douce akatafuta amri nyingine, ile inayotumiwa na kengele ya kuamsha watu asubuhi. Amri hiyo, simu haithubutu kuiahirisha, kwa sababu imeshaahidi kumwamsha mwenye simu. Ndiyo inayongojewa leo.

Mama unayesoma hapa, ukiambiwa na fundi kwamba kitu kimepona, usiondoke na sauti uliyoisikia kibandani. Muulize: ulikilaza? Bila waya? Nyumbani, mahali ninapokiweka mimi? Na wewe ukiona kitu kimekosea, useme tena na tena, hata wenye shule wakikucheka. Annuarite aliishia darasa la tano, na ndiye aliyekuwa anasema kweli tangu Februari.

Saa nane kasoro dakika moja. Bibi amemshika Gloriose begani. Kikombe cha maji kiko tayari, kidonge kimetolewa.

Mshale wa saa ya mkononi ya Douce unafika saa nane.

Kimya.

Bibi anamtazama fundi. Fundi anatazama rafu. Sekunde kumi, ishirini, mbwa anabweka nje na kunyamaza. Gloriose anauliza kwa sauti ndogo, "Fundi Douce, imekufa?" Mkono wa Douce unaanza kunyanyuka wenyewe kuelekea kwenye simu, naye anaurudisha.

Simu inalia.

Kioo kinawaka peke yake, rafu ya udongo inatetemeka, na bibi anapiga kelele ya furaha kama ya arusini. Saa ya mkononi ilikuwa mbele sekunde arobaini. Douce hakuwa ameirekebisha. Gloriose anapokea kidonge kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ameuficha ndani ya mkono wa sweta.

Kabla maji hayajaisha kikombeni, Annuarite anaingia akihema, utepe wa kupimia ukiwa shingoni.

"Imelia?"

"Imelia, mama."

"Hakuna mwenye kuigusa?"

"Hakuna hata moja," bibi anasema. "Na Mungu anaona."

Annuarite hashangilii. Anamfungua mtoto mdomo, anatazama chini ya ulimi, kisha anamfunga. "Zikomo, fundi," anashukuru, na kushika tena njia ya sokoni. Mlangoni anageuka. "Na kesho nitakuja."

Douce anatoa karatasi yenye majina. Zimebaki nyumba thelathini. Katika kila moja anataka kuilaza simu pale pale mwenye simu anapoiweka, siku tatu mfululizo, bila malipo, kwa sababu Alexis amemwonya kwamba kila aina ya simu ina ukaidi wake wa kulala. Akianza Jumatatu, anafikiri atamaliza mwezi wa nane. Kuanzia sasa programu mpya haitagawiwa watu mpaka ilale kwanza nyumbani kwa mmoja wao.

Mwandishi anamuuliza kama haumii kuona Mama Gloriose bado hamwamini.

"Aje," anasema. "Aje kila siku, mi sikatai. Siku saa nane itapita naye iko anashona, hakuinua hata kichwa, njo nitajua kazi yangu imekwisha."