Waya Usiopita kwenye Fyuzi

Eliades Pedroso alikuwa fundi umeme wa magari katika mji wa pwani wa Caibarién kwa miaka arobaini na moja, na kilichomfanya ajulikane mji mzima ni mdomo wake. Hakujua kumpamba mtu. Gari likiwa limekwisha alisema limekwisha, hata kama mwenyewe anatokwa na machozi. Watu walimnunia wiki mbili, kisha wakarudi, kwa sababu yule fundi wa mtaa wa pili alicheka na kila mteja na magari yalirudi na ugonjwa uleule. Mkewe alimkimbia kwa sababu ya mdomo huohuo. Hilo alilisimulia mwenyewe bila kuulizwa.

Katika maisha yake alikuwa amekubali kuficha jambo moja tu. Yosvel, mtoto wa pekee wa jirani yake Nivaldo na mkewe Obdulia, alijifunza ufundi kwake, kisha mwaka juzi akaondoka na wenzake watano kwa chelezo cha mapipa kuelekea ng'ambo. Miezi minne ilipita kimya. Halafu mmoja wa wale watano akapiga simu kutoka ng'ambo, akampigia Eliades, maana namba yake ilikuwa imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa karakana na kila kijana wa mji aliijua kwa moyo. Yosvel aliteleza majini siku ya nne, alisema. Walimwita mpaka sauti zikakauka.

Eliades alimwambia Nivaldo siku hiyohiyo. Nivaldo alikaa chini kwenye matairi ya zamani, akalia, kisha akamshika mkono.

"Obdulia asijue. Figo zake ndizo hizo zinakufa. Anakubali kwenda kusafishwa damu kwa sababu anamsubiri mtoto. Akijua, hatapanda tena gari kwenda hospitali."

Eliades akaapa. Kiapo hicho kilimkaa kooni tangu siku ile.

Sasa gari lenyewe la Nivaldo, Moskvich ya Kirusi ya mwaka themanini na sita, lilikuwa limeanza kuamka likiwa limekufa. Jumatano betri ilikuwa kavu kabisa, Obdulia akakosa zamu yake. Gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, halijawa nayo tangu Krismasi. Kufikia Alhamisi miguu ya Obdulia ilikuwa imevimba, na pete ya ndoa haikutoka kidoleni hata kwa sabuni. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi ilikuwa lazima awe njiani. Hapakuwa na namna nyingine.

"Mzee wa mdomo, umefika!" Nivaldo alimpokea Alhamisi hiyo mchana. "Njoo umwone mgonjwa."

"Mgonjwa nani, wewe au gari?"

"Mimi nilishakufa zamani. Shughulika na gari. Betri nimeichaji jana umeme uliporudi kwa zile saa tatu. Imejaa. Nakwenda kwenye foleni ya mkate, na nikirudi nataka kusikia habari njema hata kama ni ya uongo."

"Ya uongo utaipata kwenye mkate," alisema Eliades, na Nivaldo akaondoka akicheka kidogo.

Eliades alifunga milango yote, akachomoa kichwa cha hasi cha betri, akaunganisha taa yake ya majaribio katikati ya betri na waya. Gari limezimwa, hakuna kinachofanya kazi, taa hiyo haikupaswa kuwaka. Ikawaka. Hafifu, lakini ikawaka. Kuna kitu kilikuwa kinanyonya.

Alichomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Ya taa za mbele, ya honi, ya feni. Taa ya majaribio iliendelea kuwaka. Akazimaliza zote, bado. Akafungua nyaya za alternata, bado. Basi mnyonyaji alikuwa amejiunga moja kwa moja, bila kupita kwenye fyuzi, na umeme haujiungi wenyewe. Kuna mtu ameuunga.

Alilala chini ya gari, akapapasa mpaka kwenye starta. Pale kwenye nati kubwa palikuwa na waya mwembamba usiohusika. Ulifungwa kwa uzi wa kuvulia samaki, mizunguko saba na fundo la kukunja, kwa kuwa utepe wa umeme haukupatikana dukani kwa miaka. Fundo lile alilibuni yeye. Alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu.

Aliufuata waya chini ya zulia mpaka nyuma. Akafungua buti, akatoa tairi la akiba, akaondoa ubao. Ndani, kwenye kopo la maziwa lililokatwa upande, alikuwepo Bikira Maria wa Cobre wa karatasi, na picha ya Yosvel ya kitambulisho, na balbu ya taa ya pembeni ikiwaka wekundu wa mwisho.

"Usiiguse."

Obdulia alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika ukuta.

"Shemeji, umeunga wewe hii?"

"Nilikuwa nikimshikia Yosvel tochi akifanya kazi. Unadhani nilikuwa nashika tochi nimefumba macho?" Akakaa kwenye ndoo, akihema. "Nilimwekea Bikira nadhiri. Taa haizimiki mpaka mtoto apige simu. Nilikuwa nayo ndani, lakini umeme wa ndani unakatika saa ishirini kwa siku. Mishumaa hakuna. Humu nyumbani kitu pekee kisichokatika ni hii betri."

"Haikatiki? Jumatano ilikatika!"

"Ilififia tu. Nilikuja kuangalia. Haikuzima."

"Itoe leo, urudishe kesho ukitoka hospitali."

"Hapana."

"Kesho gari halitawaka, Obdulia. Utakufa."

"Nikiizima namzima mwanangu. Mimi sizimi."

Eliades alikuwa na jua kichwani, grisi machoni, na kiapo cha mwaka mzima kooni. Alimtazama mwanamke yule akijiua polepole kwa balbu ya wati tano, kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, na hasira ikampanda. Aliikasirikia bahari, akamkasirikia Nivaldo, akajikasirikia mwenyewe. Na mdomo wake ukafanya ulichozoea.

"Mwanao hatapiga simu! Alikufa maji siku ya nne. Aliyeona ndiye aliyeniambia. Unamwashia nani?"

Obdulia aliinama, akaingiza mkono kwenye buti na kuchomoa waya kwa vidole vilivyovimba. Taa ya majaribio mbele ya gari ikazimika. Hitilafu ilikuwa imeisha.

"Usimwambie Nivaldo kwamba najua," alisema, akaingia ndani.

Jioni Eliades alikuwa akitafuta skrubu kwenye kopo lake akakuta kitaa kidogo cha LED alichowahi kukitoa kwenye kiberiti cha gesi, kitaa ambacho karibu hakili umeme. Kingewaka kwenye kopo la Obdulia mwezi mzima na betri isijue. Alikuwa nacho siku zote. Alijitukana kwa sauti, peke yake, matusi ambayo hakuwahi kumtukana mteja.

Asubuhi alifika nacho mfukoni, tayari kimeungwa nyaya. Nivaldo alizungusha ufunguo mara moja tu, gari likawaka. Akapigapiga usukani kama mtoto.

"Limewaka! Obdulia, limewaka, mama!"

Obdulia alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, gauni la nyumbani, miguu mitupu. Eliades alichuchumaa mbele yake, akafungua kiganja.

"Shemeji, nimekuletea hiki. Hakinyonyi kabisa. Tutakiwasha sasa hivi, twende."

Alikitazama kitaa.

"Jana ulikuwa nacho?"

Angeweza kusema hapana.

"Nilikuwa nacho."

Obdulia alitikisa kichwa taratibu, akamkunja vidole vyake juu ya kile kitaa, akamrudishia mkono wake.

"Zima gari, Nivaldo," alisema. "Unamaliza petroli bure."

Nivaldo aliacha kupiga usukani. Alimtazama mkewe, akamtazama Eliades aliyechuchumaa pale, akaelewa kwamba mkewe ameshajua. Hakuzima. Alibaki ameshika usukani, na gari likaendelea kunguruma vizuri, bila hitilafu yoyote.