Laana Aliyoisikia Idman

Saynab Bulle hakuwa mama mbaya. Anayetaka kusema hivyo na alee kwanza watoto watano bila mume kule Balambala, ndipo aje tuzungumze. Lakini kuna jambo moja alilitenda, nalo lilimkaa kifuani miaka miwili.

Binti yake mkubwa, Idman, alikuwa mtu wa kulala. Alilala akikamua mbuzi, alilala darasani kalamu mkononi, alilala hata akisujudu, paji la uso juu ya msala. Waliomjua walimwita mvivu, na Saynab kwa aibu akawatangulia wote kumwita hivyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, alijiambia, akazidisha ukali.

Siku moja Idman alipelekwa malishoni, usingizi ukambeba chini ya mgunga. Alipozinduka, fisi walikwisha kula na kushiba. Mbuzi kumi na tisa, na nyumba ile ilitegemea maziwa yao. Alasiri hiyo Saynab alimsimamisha uani, akamfokea mpaka sauti ikamkauka. Idman alifungua kinywa ajitetee. Taya likalegea, magoti yakakunjika, akaanguka mchangani kama nguo iliyodondoka kambani. Macho yakafumba.

Saynab aliona hiyo ni dharau. Yaani anasemeshwa, naye analala! Akamsimamia kichwani, akatamka: "Kama usingizi ndio mume wako, basi usikuache mpaka kaburini."

Watu wa kule hawafanyi mchezo na laana ya mzazi. Wanajua mama akimlaani mwanawe, neno lile haliendi bure. Saynab naye alijua, maana alitamani kulirudisha kabla hajafunga mdomo. Akajipoza: jirani hakuna, na mtoto mwenyewe kalala, hajui lolote. Akaamua hilo litakuwa lake na Mola wake.

Usingizi ukazidi. Sasa Idman alianguka hata akichekeshwa, ikabidi wadogo zake waache mizaha mbele yake, na nyumba ikawa baridi kama ya matanga. Masheikh walimsomea, akanyweshwa maji yaliyosomewa Kurani. Kila mara Saynab alikaa pembeni akiitikia amina, huku moyoni akisema: jini mnayemtafuta ni mimi hapa. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini ya Saynab hayakungoja kuitwa bibi.

Mwalimu wa Idman ndiye aliyewasukuma waende hospitali Garissa. Garissa wakawatuma Nairobi, binti akabandikwa nyaya kichwani, akaambiwa ajaribu kulala mara tano katika mchana mmoja. Kila mara alilala kabla chai haijapoa. Wiki tatu baadaye walirudi Garissa, wakakaa mbele ya Daktari Roba na majibu yao.

"Ugonjwa huu unaitwa nakolepsi," alisema. "Ubongo umepungukiwa na kile kinachomweka mtu macho. Si uvivu, mama, wala si jini. Hauponi, lakini unatulizwa."

Akaandika dawa: kidonge cha asubuhi cha kumweka macho, kingine cha kuzuia magoti yasilegee, na kila mchana alale dakika ishirini bila kukosa. Kisha akauliza, "Ilianza lini?"

Mara zote alipoulizwa swali hilo, Saynab alijibu hajui. Alijua sana. Akisema ilianza baada ya mbuzi kuliwa, basi ulimi wake ndio ulioleta ugonjwa. Akisema kabla, basi alimlaani mtoto mgonjwa.

"Kabla," alisema. "Mwaka mzima kabla ya mbuzi kuliwa." Ilikuwa kweli, wala haikumpa nafuu yoyote.

"Na kule kuanguka si kulala," daktari akaendelea akiandika. "Mwili ndio unaozima, akipatwa na kicheko, hofu au hasira ya ghafla. Macho yanaweza kufumba, lakini akili yake iko pale pale. Anasikia kila neno."

Saynab akamgeukia binti yake. Idman alikuwa anaangalia viatu vyake.

Walirudi kwenye chumba walichokodi mjini. Saynab alifunga mlango, akaketi sakafuni.

"Ulisikia," alisema.

"Nilisikia, hooyo," Idman akajibu, akimwita mama kwa Kisomali.

"Miaka miwili, na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeishije?"

Hapo Saynab alilia, mama mtu mzima, mtandio ukiwa umemwanguka mabegani. Aliona haya kulia mbele ya mtu aliyembebea siri yake muda wote huo, tena akiwa mgonjwa. Alimwomba msamaha, na Idman akamshika mkono. Saa ya kulala ikawa imefika. Binti akajinyoosha mkekani.

Laana ya mama huondolewa na mama mwenyewe. Saynab akateka maji kikombeni, akayatemea mate kidogo kama mama yake alivyokuwa akifanya alipobariki, akapiga magoti kichwani pa mwanawe. "Ya Rabi," akaanza, "neno nililotamka juu ya mtoto huyu..."

"Ngoja niamke, hooyo," Idman akasema, macho yameshafumba. "Ile niliisikia nimeanguka. Hii nataka kuisikia nimesimama."

Akalala. Saynab akabaki pale pale, kikombe mkononi, akizisubiri zile dakika ishirini.