Muuza bia wa Moshi asiyejua ladha ya bia

Saa tano asubuhi, Filemon Mchau anashika mkono wa mbao wa pampu iliyosimama juu ya kaunta na kuuvuta taratibu, kama mtu anayekamua ng'ombe asiyemzoea. Bia nyekundu kama chai isiyo na maziwa inapanda kutoka chumba cha chini na kuingia kwenye glasi. Haina gesi ya kurukaruka. Glasi haitoi jasho la baridi. Povu lake ni jembamba, na linatulia upesi.

Mteja aliyekaa mbele yake, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Himo, anaishika glasi, anaitazama, kisha anamtazama Filemon.

“Kaka, hii mbona imelala?”

“Haijalala. Ndivyo ilivyo.”

“Na baridi?”

“Baridi yake ni hiyohiyo.”

“Haya. Ina ladha gani?”

Filemon anachukua kitambaa na kuifuta kaunta ambayo ametoka kuifuta. “Watu wanaipenda,” anajibu.

Jibu hilo amekuwa akilitoa tangu Kilele Baa ilipofunguliwa upya, nyuma ya soko mjini Moshi. Jibu jingine hana. Mzaliwa huyu wa Old Moshi, mwenye umri wa miaka 53, ameuza bia ndani ya jengo hili kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, na hajawahi kuionja.

Walioifahamu Kilele ya zamani wanakumbuka viti vya plastiki, spika iliyopasuka, na kaunta iliyozungushiwa nondo kutoka juu hadi chini. Filemon alikaa ndani ya nondo hizo. Pesa ziliingia kwa kitundu, chupa zikatoka kwa kitundu. Kisha mwenye baa, Mzee Jesse, akachoka na kumkabidhi binti yake Rachel, aliyesomea utengenezaji wa bia Uingereza. Baa ikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Filemon akarudi nyumbani mlimani kupogolea kahawa na kuangalia ng'ombe wake wawili, akijua kazi ya mjini imeisha.

Alipopigiwa simu aje kuanza tena, alishuka na kuingia ndani, akatoka nje mbio.

“Nilidhani nimekosea mlango,” anasimulia. “Nikauangalia mjakaranda wa pale nje, nikaona ndio uleule. Nikarudi ndani. Ukuta wa mawe, taa zinaning'inia, meza za mbao nene. Sakafu tu ndiyo niliijua. Halafu nondo hazipo! Nilisimama pale kaunta nikajiona kama sijavaa shati.”

Kilichomchanganya zaidi ni Rachel mwenyewe. Alimjua akiwa mtoto wa shule ya msingi, akija na sare kumsubiri baba yake, na Filemon akimfungulia soda. Leo ndiye bosi wake. Rachel bado humsalimia “Shikamoo anko,” naye huitikia marahaba, kisha hukwama asijue aendelee na mwanangu au bosi. Siku nyingine humwita vyote viwili.

Chupa zimeondoka pia. Rachel anapika bia yake mwenyewe katika banda la nyuma, kwa shayiri inayolimwa upande wa magharibi wa Kilimanjaro, na kuihifadhi kwenye mapipa chumba cha chini. Glasi moja inauzwa bei inayopita ya chupa mbili za bia ya kawaida. Wazee wa zamani wa Kilele hufika, husoma bei ukutani, husoma tena, na wengine hutoka bila kuaga.

Wiki ya kwanza kabisa, Rachel alimwekea Filemon glasi ndogo mbele yake na kumweleza kazi mpya.

“Anko, bia hii iko hai. Inaendelea kuchacha humohumo ndani ya pipa. Leo ni nzuri, keshokutwa imeharibika. Kwa hiyo kila asubuhi kabla hatujafungua, wewe uonje kila pipa, uniambie.”

Filemon aliipokea glasi. Aliigusisha mdomo. “Iko sawa,” akasema.

Kesho yake ilikuwa sawa. Na kesho yake tena.

Sababu ya kutokunywa anaieleza bila kuinua sauti. Baba yake, Mzee Gidioni, alikuwa na kihamba kizuri cha kahawa na migomba. Kahawa ikishauzwa, mzee alipotelea kwenye kilabu cha mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Filemon, mtoto mkubwa, ndiye aliyetumwa na mama kwenda kumleta.

“Nilikuwa namshika mkono kama kipofu. Watu wanacheka, na yeye anacheka nao. Mimi nalia. Mwaka niliopata kipaimara nikamwambia mama, kitu hicho hakitaingia kinywani mwangu. Halafu nilipotafuta kazi mjini, nikapata wapi? Baa! Kubeba kreti. Mama alilia sana. Nikamwambia, mama, mimi nabeba kreti tu, sibebi kilichomo.”

Miaka yote hiyo hakuna aliyegundua. Chupa ilikuja na kifuniko chake, ikaondoka na kifuniko chake. Mteja mkarimu akimwambia achukue moja, aliiweka kando na kufungua soda ya tangawizi. Harusini, kata ya mbege ikimfikia, aliigusisha mdomo na kumpa aliyefuata.

“Walokole walidhani mimi ni mlevi, na walevi walidhani mimi ni mwenzao,” anasema. “Sikumdanganya mtu. Hakuna aliyeniuliza.”

Mambo yaliharibika siku walipofika waongoza watalii kutoka Marangu, wametoka kushuka mlima na kundi lililofika kileleni lote. Walikaa meza tatu, wameagiza kwa furaha. Glasi zikaanza kurudi kaunta moja baada ya nyingine, zimejaa. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, aliinama akamnong'oneza Filemon: “Mzee wangu, hii ni siki.”

Rachel alionja, akaenda kuimwaga yote. Aliporudi alimwita pembeni.

“Anko, asubuhi uliionja?”

“Iligusa mdomo.”

“Sikuulizi mdomo. Nakuuliza ulimi.”

Filemon akakunja kitambaa chake. Halafu akasema, “Bosi, mwanangu, mimi sijawahi kuonja bia tangu nizaliwe.”

Rachel alicheka. Akaendelea kucheka mpaka alipoona mwenzake hacheki.

“Lakini wewe ndiye ulikuwa unamwambia baba bia ipi inaenda na kwa nini!”

“Nilikuwa nasikia wanavyosema.”

Hata leo Rachel akikumbuka anashika kichwa. “Nilichanganyikiwa,” anasema. “Wenye baa wenzangu wanafukuza watu kwa sababu wanakunywa. Mimi nimfukuze mtu kwa sababu hanywi? Ningewaelezaje nyumbani? Lakini na bia lazima ionjwe, na mimi kila asubuhi nahangaika na shayiri.” Alimpa Filemon siku chache akafikirie.

Filemon alipanda Old Moshi akijua kwamba ama aivunje ahadi yake, ama aiache kazi. Alimkuta mkewe, Elizabeth, akikatakata migomba ya kulisha ng'ombe. Alimweleza yote. Elizabeth hakuacha kukata.

“Nitaonja mimi,” akasema.

“Wewe ni mwenyekiti wa akina mama usharikani!”

“Mwenyekiti hana ulimi?”

Elizabeth, ambaye majirani wote humwita Mama Brenda, ndiye anayeitwa kijijini kukiwa na harusi ili apike mbege. Tangu wiki hiyo akawa anashuka mjini kila asubuhi, amejifunga kitenge, na kuketi kwenye kiti kirefu cha kaunta huku mumewe akimpangia glasi ndogo mbele yake. Rachel humlipa kwa kila asubuhi, pamoja na nauli. Alimwonyesha pia kwamba akipenda anaweza kutema, kama waonjaji wa mvinyo huko Ulaya. Elizabeth alikataa: “Chakula cha watu sitemi.”

Habari zilipanda mlimani kabla yake. Mzee wa kanisa, Yohana, alifika nyumbani jioni moja, akapewa chai.

“Mama Brenda, nimesikia unakunywa pombe mjini saa tatu asubuhi.”

“Sinywi, mzee. Nafanya kazi.”

“Kazi gani?”

“Ya kuonja pombe.”

Mzee Yohana aligeuka kwa Filemon. “Na wewe mumewe unasemaje?”

“Mimi ndiye ninayemmiminia,” Filemon akajibu, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli.

Mzee aliondoka akiacha chai nusu kikombe. Kabla ya Jumapili alishuka mjini na wenzake wawili kuja kuona kwa macho.

Siku hiyo Rachel alikuwa Arusha. Elizabeth alikuwa ameonja mapipa yote asubuhi, na moja akalisifu kupita mengine. “Hili ndilo limeiva,” alimwambia mumewe. “Anza nalo.” Filemon akaanza nalo. Kufikia mchana vijana wa mjini walikuwa wanarudisha glasi, wamekunja uso. Lakini kwenye meza ya kona, Mzee Yohana, aliyekubali kuonja kidogo ili ajue anachokiripoti, alikuwa amemaliza. Aliinua mkono kuomba nyingine. Wenzake pia.

Rachel alirudi alasiri akakuta hali hiyo. Akaonja. “Mama, hii imechacha!”

“Ndiyo, imechacha,” Elizabeth akajibu. “Kwani ulitaka ikae bila kuchacha?”

“Imechacha, imeharibika!”

“Imechacha, imeiva! Waangalie wale wazee.”

“Waangalie na wale vijana!”

Kisha wote wawili wakamgeukia Filemon. Wakamwuliza yeye, kana kwamba yeye ndiye hakimu. Alikuwa ameshika glasi mbili, moja iliyorudishwa imejaa na moja iliyonywewa mpaka chini.

“Bia ni ileile moja, imetoka kwenye pipa moja, nimeivuta kwa mkono wangu,” anasimulia. “Huyu anasema mbaya, huyu anasema nzuri. Mmoja amesoma, mwingine ni mke wangu. Na mimi ndiye muuzaji, na ndani ya baa nzima mimi peke yangu ndiye sijui.”

Anakiri kwamba kwa mara ya kwanza aliinua glasi akiwa na nia ya kunywa. Iliishia usawa wa kidevu. Akaiweka chini.

Rachel hakumwaga pipa lile. Liliuzwa kwa wazee mpaka likaisha. Yeye mwenyewe hana maelezo. Alijaribu kutengeneza jingine kama hilo kwa makusudi, akapata siki tupu, akaimwaga. Elizabeth naye amekosea mara kadhaa tangu hapo, akilikataa pipa ambalo wateja walikuja kuligombania. Sasa wanaonja pamoja, na wasipokubaliana, pipa linasubiri kesho. Neno kuchacha wameacha kulitumia ndani ya baa.

“Kuna asubuhi tunaangaliana tu,” Rachel anasema. “Mimi namwambia mama, sijui. Na yeye ananiambia, na mimi sijui.”

Mzee Yohana aliripoti nini usharikani, hakuna aliyesikia. Elizabeth bado ni mwenyekiti.

Mmoja tu ndiye aliyesimuliwa yote. Mzee Gidioni, baba yake Filemon, sasa amepita miaka themanini, na miguu haimfikishi hata kwenye kilabu. Mzee Yohana alimtembelea akamweleza habari za baa iliyogeuzwa mpya na mkwe anayeonja. Jioni hiyo Mzee Gidioni alimwita mwanawe.

“Nasikia mkeo ndiye anayeonja. Kwa nini si wewe?”

Filemon alikuwa na jibu hilo tangu utotoni, tena kamili, lakini halikuwa la kumwambia baba yake usoni. Mzee alisubiri, kisha akasema polepole, “Nipeleke nikaione.”

Kwa miaka yote Filemon aliyouza bia Moshi, baba yake hakuwahi kukanyaga Kilele. Hakualikwa. Sasa mpango ni Krismasi, wakati binti yao Brenda atakapokuja na gari kutoka Dodoma, aweze kumshusha babu yake. Elizabeth ameshasema pipa la siku hiyo atalichagua yeye. Rachel ameahidi kusimama kaunta mwenyewe.

Je, Filemon atampa baba yake glasi? Anauliza mwenyewe swali hilo kabla hajaulizwa, na kulijibu mara mbili, kila mara tofauti. Akimpa, anamkumbuka mama yake. Asipompa, atamwambia nini mzee wa miaka ile, aliyeletwa mpaka mlangoni?

“Na ukiniuliza kama mimi nitakunywa naye, hilo nalo sijui,” anasema. “Ninachojua ni kwamba siku hiyo sitakaa upande huu. Nitakaa upande wa wateja, pembeni yake. Tangu nizaliwe sijawahi kukaa na baba yangu ana glasi mkononi nisitamani kuondoka. Nataka nijaribu, mara moja tu, nione kama naweza kukaa mpaka aimalize.”