Mama Zuhura na Maji ya Bondeni

Miaka ya mwisho ya Mwingereza nilikuwa Newala, dirishani kwa karani wa hospitali moja, nikingoja cheti cha dawa. Akaja muuguzi wa wagonjwa wa akili pamoja na mgonjwa wake, mama wa makamo mwenye ndoo ya maji kichwani. Walikuwa wametoka bondeni kuchota.

Maji ya bomba huko juu mlimani yalinunuliwa kwa debe, na fungu la fedha za maji la wodi yao lilikuwa limekatwa. Mwezi mzima muuguzi aliwateremsha wagonjwa wake kisimani, wakapanda mlima na ndoo zao.

Karani, kijana wa kola iliyopigwa wanga, hakumtazama yule mama. "Furahi, bwana. Fungu limerudi. Kesho mtanunua maji ya bomba."

Muuguzi akajikuna shingo. "Hilo fungu tununulie mablanketi, bwana karani. Tangu waanze kuteremka, wanakula na wanalala."

"Basi wewe ndiye mgonjwa! Nani anaacha bomba akapande mlima?"

Mama akatua ndoo bila kumwaga hata tone. "Mwanangu, kule njiani wanawake wenzangu wananiita Mama Zuhura. Humu naitwa mgonjwa."

Karani akachovya kalamu, akaandika mablanketi. Kisha akanyanyuka kidogo kitini. "Shikamoo, Mama Zuhura."

"Marahaba, mwanangu." Akajitwika ndoo yake, wakaenda zao.

Sijawahi kuisifu serikali kwa kubana fedha, wala sianzi leo. Ila shikamoo hainunuliwi kwa debe, na bado maofisini imeadimika kuliko maji ya Newala.